Bibi wa Kijapani na Magari Yake
Mnunuzi wa gari la kwanza jijini Dar es Salaam aghalabu huanza kwa kukokotoa bei iliyotangazwa Japani, hesabu yenye kasoro moja tu, nayo ni kwamba haina uhusiano mkubwa na fedha atakazolipa. Juu ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli, jumla ambayo ndiyo msingi wa hesabu za forodha, huongezwa ushuru wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, halafu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo hutozwa hata juu ya ushuru uliotangulia, kwa kuwa, yaelekea, kutozwa ushuru nako ni kuongezewa thamani. Gari lililozidi miaka 8 hutozwa zaidi kwa uchakavu wake, ilhali Kenya hulizuia lisiingie kabisa. Tanzania uzee si kosa, mradi ulipiwe. Ama dalali, aapaye kwamba kila Toyota iliyopo uwanjani iliendeshwa na bibi mmoja wa Kijapani, tena kwenda sokoni tu, itoshe kusema kwamba bibi huyo amemiliki magari mengi kuliko wizara kadhaa.