Vigelegele vya Poti

Poti ya mtoto ina kazi nyingi, na ile iliyonunuliwa kwayo ndiyo ya mwisho kugunduliwa. Yetu, ya plastiki ya kijani yenye kichwa cha bata, ilitoka Kariakoo na kuanza maisha kama kofia. Baadaye ikawa ngoma, kisha chombo cha kuhamishia vitunguu kutoka jikoni kwenda chini ya kochi. Binti yangu aliipenda kwa dhati. Alimkalisha mwanasesere wake juu yake, akamhimiza na kumsubiri kwa upole ambao mimi sikujaliwa. Akishamaliza somo, anasogea hadi kwenye zulia la wageni, anakojoa.

Nyumba za kupanga hazina uhaba wa ushauri. Jirani wa mkono wa kulia alisema nimvue pampasi, nimwache hivyo hivyo, ataona aibu. Nikamvua, akaona upepo, akakataa kuvaa tena. Wa mkono wa kushoto akasema nimkalishe kila baada ya nusu saa, na kweli alikaa vizuri sana, akainuka mkavu, akalowesha mkeka. Baba yake alishusha hukumu akiwa anatafuta rimoti: "Umeshaona bibi harusi aliyevaa pampasi? Ataacha tu."

Ndipo mama mkwe alipowasili kutoka Mkinga, Tanga, kwa ajili ya posa ya wifi yangu. Ni Mdigo, na kwa suala hili Wadigo hawataniwi. "Huyu mumeo," akaniambia, "nilimaliza naye kabla hajatambaa."

Majigambo ya mama wakwe huwa nayapunguza nusu kwanza, lakini haya yana ushahidi. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo: mama huanza mafunzo wiki za mwanzo tu za uhai wa mtoto, na kwenye miezi 5 au 6 mtoto hukaa mkavu mchana na usiku. Mama huketi chini, miguu kanyoosha, mtoto kampakata kampa mgongo, anamwitia mkojo: shuuu. Kikitoka kitu, mtoto hunyonyeshwa na kubembelezwa.

Nikamweleza mama kwamba huko huko Marekani, mwaka 1962, daktari Brazelton alishauri mtoto asubiriwe mpaka awe tayari mwenyewe.

"Na huyo daktari," akauliza, "ndiye aliyekuwa akifua?"

Akanyoosha miguu uani, akampakata mjukuu, akaanza: shuuu. Mjukuu akageuka, akamtazama usoni, akamjibu: shuuu. Wakajibizana hivyo kwa muda mrefu, hadi mmoja wao akazidiwa. Bibi aliinuka mbio, kanga mkononi, akaelekea chooni.

Tukabaki na njia ya rushwa. Kojo ndani ya poti, nusu biskuti. Haja kubwa, biskuti nzima. Vyote na makofi, hongera na vigelegele vya nyumba nzima. Ilifanya kazi kupita matarajio. Wenye elimu husema misuli ya kubana mkojo hukomaa takriban kati ya miezi 18 na 24. Ya binti yangu ilikuwa imekomaa zamani, ilikuwa inangoja mshahara tu. Anakaa, anatoa matone machache, anabana. Anasimama, anakinga kiganja. Tukimpigia vigelegele anatafuna taratibu, anajifuta makombo kwenye gauni, kisha anarudi kukaa kuendelea na pale alipoishia. Kojo moja likigawanywa kwa akili linamaliza pakiti.

Siku ya posa tulimpa bibi kazi ya kumshika. Washenga walikaa sebuleni, zulia likiwa limeoshwa na kufukizwa udi. Baba mdogo wa wifi alikuwa na karatasi yake ya madai: kilemba, mkaja, na ubeleko, ile haki ya mama kwa mgongo uliobeba mtoto na kuloweshwa. Mshenga mkuu akauliza kwa adabu ubeleko wa nini, ikiwa mama mwenyewe ametoka kusimulia kwamba wanawe walikauka wakiwa na miezi sita. Baba mdogo akakohoa. Mshenga naye akaomba radhi, akaenda msalani.

Alipofungua mlango kutoka, binti yangu alikuwa amemsimamia pale nje, kaponyoka mikononi mwa bibi.

"Babu, umekojoa?"

Mzee wa watu, mkweli, akasema ndiyo.

"Hongeraaa!" Makofi, kisha kigelegele kirefu, chembamba, kisicho na dosari.

Wanawake uani, waliokuwa wakisubiri tangu asubuhi kusikia tu posa imekubaliwa, hawakuuliza. Walikidaka, wakakirudisha mara kumi. Wa nyumba ya pili wakaitikia. Sebuleni, washenga waliobaki wakatazamana, wakanyanyua viganja: "Alhamdulillahi, wenyewe wameridhia."

Baba mdogo akaikunja karatasi yake bila kukubaliwa hata mkaja, maana vigelegele vikishapigwa havirudi kooni.

Mshenga alikuwa bado kwenye ujia, kakinga kiganja. Binti yangu alikuwa ameivunja biskuti katikati. Akampa nusu, nyingine akaificha mgongoni.

"Hii ya kunya."