Ongeza Tu Namba

Tarehe za mishahara zikikaribia, dada wa uhasibu hunipigia simu bila hata salamu: "Kaka, mfumo umeganda tena." Wala haujaganda. Ukifungua logi za seva unakuta PostgreSQL inaomba radhi, kwa adabu kabisa, kwamba wateja wamekwisha kujaa. Ilikuja na nafasi za miunganisho 100, na 3 kati ya hizo zimetengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu.

"Si uiongeze tu hiyo namba?" anasema mkurugenzi. Mzee wetu huyu kwake namba zote huongezeka, isipokuwa za mishahara. Namweleza kwamba kila muunganisho ni prosesi nzima inayojitegemea, inakula memori yake, na seva yetu tuliinunua kwa kubana matumizi. Ananitazama kana kwamba namba ninazo stoo na ninamfichia.

Basi tukamweka dalali katikati, PgBouncer, programu iliyotokea Skype mwaka 2007. Wateja wanabisha kwake poti 6432 badala ya kwenda moja kwa moja 5432, naye anawagawia miunganisho michache aliyoishika. Ukisimuliwa, raha tupu.

Kumbe dalali naye ana mia yake! Usipomgusa, anapokea wateja 100 tu, na kila jozi ya mtumiaji na databesi anaitengea miunganisho 20. Halafu kwa kawaida yake hufanya kazi kwa mtindo wa "session": ukishapewa muunganisho ni wako mpaka uondoke. Na programu za vijana wetu haziondoki ng'o. Zinaingia asubuhi, zinakaa mpaka jioni bila kuuliza swali hata moja, kama mtu aliyeagiza chai ya rangi akakalia meza ya mgahawa kutwa nzima. Aliye kwenye foleni akifikisha sekunde 120 anatimuliwa. Simu yangu inalia.

Nikapendekeza tuhamie mtindo wa "transaction", muunganisho urudi kwa dalali kila muamala unapokwisha. Kijana wa programu akaruka: "Bro, utaniua!" Yeye mteja akiingia tu anaseti search_path kuchagua skima ya tawi, kisha anasahau. Kwa mtindo huu mpya, muamala unaofuata unaweza kuangukia muunganisho mwingine kabisa, na meneja wa Mwanza akasomewa mauzo ya Arusha. Si arekebishe programu yake? "Hiyo ni ishu ya seva, bro." Kila kitu ni ishu ya seva. Wakikuta bia imepanda bei watasema ni ishu ya seva.

Faili la mipangilio nalo lina visirani vyake. Nukta-mkato huanzisha maelezo ikiwa mwanzoni mwa mstari tu. Mwenzetu mmoja, kwa wema wake, aliandika namba halafu mbele yake mstari uleule akaweka nukta-mkato na neno USIGUSE. Dalali akalibeba lote kama thamani. Nusu siku tukatafuta virusi.

Sasa hivi tumefika pazuri, foleni inatembea. Ila jina la dalali limeshasambaa ofisini. Juzi printa ya ghorofa ya pili imekwama karatasi, masijala wakanipigia: "Hebu mwangalie huyo dalali wako, ametuharibia na huku."