Bibi Grisi Anajibu: Asubuhi Analalamika, Mchana Kimya

*Shikamoo Bibi Grisi. Mwenzangu nimeishi naye miaka mitatu. Kila alfajiri nikimwamsha anapiga kelele, cherr-cherr, mpaka majirani wanachungulia. Tukiingia barabarani akapata joto, ananyamaza kabisa. Kijiweni wananishauri nimtoe tenshena ya kujikaza yenyewe, nimwekee ya kukaza kwa mkono. Nikubali? – Mwenye Wasiwasi, Mbagala*

Marahaba, mjukuu wangu. Kunyamaza kwake kusikudanganye, hajapona. Silinda ya alumini ikipata joto hutanuka kuliko cheni ya chuma iliyo ndani yake, na ule ulegevu wa asubuhi unapungua. Kesho alfajiri mtaonana tena.

Ila kabla hujagusa tenshena, pima oili, kisha mwambie fundi apime tapeti. Nasema hivi kwa sababu mafundi wa kijiweni wana ugonjwa mmoja: sikio lao husikia "taimingi" kabla injini haijawashwa.

Kama kweli ni cheni, basi mfahamu mgonjwa. Cheni ya taimingi inatoka kwenye krenki, inapanda hadi kwenye kamshafti na kuizungusha mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Pini zake zikilika, inarefuka. Tenshena inasukuma kibao upande ule ambao cheni hulegea. Ile ya kujikaza ina springi ndani: katika aina moja springi inazungusha skrubu, katika nyingine inasukuma kijiti chenye meno na kuna kizuizi kisichokiacha kirudi. Springi ikichoka, au meno yakiisha, kijiti kinarudi nyuma na cheni inaweza kuruka jino. Hapo pistoni na valvu zinaweza kukutana, na zikikutana huna haja ya kuniandikia tena, andaa fedha tu.

Ya mkono haina springi ya kuvunjika. Ni bolti inayosukuma kibao, na nati ya kuizuia isilegee. Wenye Honda VTR1000F, ile ya silinda mbili iliyotoka 1997, wanaifahamu vizuri. Kila silinda ina cheni yake na tenshena yake, na wengi wao wameng'oa za kujikaza zote mbili wakaweka za bolti kabla hazijawaponza. Wala si ushamba kushika spana kwa ajili ya cheni. Honda CB750 ya 1969 iliyotikisa dunia ilikuwa nusu kwa nusu: unalegeza nati mwenyewe, springi inasukuma, unafunga tena.

Sasa sikiliza hapa. Ukiitoa springi, springi ni wewe. Kama pikipiki hiyo ni ya kazi, deiwaka wako wa usiku anajua hilo? Na tajiri unayempelekea hesabu kila jioni, je? Nani kati yenu watatu ataikaza cheni ikilegea? Kama umecheka, nunua ya kujikaza, mpya, wala usiokote ya mtumba. Ya mkono ni ya mwenye pikipiki yake na masikio yake.

Tena wanaoharibu injini kwa tenshena hizi wengi hawakulegeza, walikaza mno. Mtu anakaza injini ikiwa baridi mpaka kimya kabisa. Ikipata joto cheni inavutwa kupita kiasi, kibao kinalika, sproketi zinalika, kamshafti inaumia inapokaa, na muda wote huo bwana anatamba kijiweni kwamba chombo chake hakina kelele.

Ukishikilia kubadilisha, acha injini ipoe. Zungusha hadi pistoni ifike juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, alama ya T ya magineti ionekane. Ndipo ung'oe. Tenshena ikiwa nje usizungushe krenki, na mtoto yeyote anayependa kupiga kiki mpeleke kwa shangazi yake. Funga mpya, kaza bolti kwa vidole mpaka ulegevu uishe, kisha izungushe injini polepole kwa mkono kuhakikisha hakuna kinachogota. Washa, ipate joto. Legeza kidogo kidogo mpaka cheni ianze kusikika, rudisha mpaka sauti iishe, funga nati. Usiongeze robo ya heshima. Bolti ikifika mwisho na kelele bado ipo, cheni imekwisha, na hakuna tenshena itakayoifupisha.

*Bibi, fundi kanitoza hela ya tenshena ya taimingi kwenye pikipiki yangu ya Kichina, injini ya mtindo wa CG. Kelele ziko palepale. – Nimelizwa, Kahama*

Mdai leo, kabla hajahama. Injini ya Honda CG125, iliyotoka 1976 na kuigwa kila upande, haina cheni ya taimingi. Kamshafti yake iko chini, inazungushwa na gia, na fimbo mbili ndefu zinapanda kusukuma valvu. Mwombe akuonyeshe tenshena ya zamani aliyoitoa. Akiwa nayo kweli, muulize ni ya nani, maana kuna mtu mwingine hapo Kahama anatembea bila tenshena. Wewe tafuta fundi mwenye fila geji akupimie tapeti.

*Shikamoo Bibi. Mume wangu ameweka ya mkono mwezi uliopita. Sasa kila jioni anaegemeza bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anasikiliza. Mimi nikiongea hasikii. – Mke Mdogo wa Injini, Moshi*

Marahaba, mwanangu, na pole. Bisibisi inapitisha sauti vizuri, hilo hajakosea. Ila kila jioni ni mapenzi, si matengenezo. Asikilize anapobadilisha oili, inatosha. Mpe kichupa chako cha rangi ya kucha apige mstari mmoja unaopita juu ya nati na bolti. Mstari ukiwa haujakatika, hakuna kilichosogea, aingie ndani ale. Na ukiona oili inachuruzika pale tenshena ilipokaa, alirudishia gasketi ya zamani. Mwambie bila kuogopa, kwani suruali zenye oili unazifua wewe.