Fidia ya Shimo la Tatu

Tunduma mtu hapiti na mzigo bila kuulizwa bei. Ukibeba kitu, unauza. Usipobeba, unakwenda kununua. Ukisimama tu, unachenji kwacha. Katika mji huo mimi, muuza spea za malori, nimeamua kucheza gofu. Mfuko wangu wa fimbo umeshaulizwa bei kwa kudhaniwa mabomba ya ekzosi, antena, na miguu ya viti vya kukodisha harusini. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na uhakika kwamba ni vipuri vya mashine ya kukoboa, akaninunia kwa kumficha. Nikieleza kuwa huu ni mchezo, linakuja swali ambalo halijawahi kubadilika tangu nianze: "Inalipa?"

Haya, tuanzie kwenye fedha, maana hata mfuko wenyewe uliingia dukani kwangu kwa njia ya deni. Dereva mmoja wa Copperbelt springi za nyuma zilimkatikia akiwa anarudi kwao. Alichukua mpya kwangu, pesa ikapelea, akaniachia mfuko uwe rehani hadi atakaporudi na mzigo wa shaba. Shaba imepita nyingi tangu hapo, yeye bado. Mfuko ulikaa nyuma ya ndoo za grisi hadi siku moja biashara ilipolala, nikachomoa fimbo moja nimfukuzie paka, nikasikia inavyokata hewa. Paka alikwenda zake. Mimi nikabaki nachapa hewa mpaka jioni.

Zilikuwa fimbo saba, nne za mkono wa kulia na tatu za kushoto. Kanuni zinamruhusu mchezaji kubeba hadi 14 na hazisemi lolote kuhusu mikono, kwa hiyo nilijiona niko ndani ya sheria. Jirani yangu wa fremu ya pili hakuridhika. Yeye ni karani wa uwakala wa forodha, mtu asiyeweza kuona kitu kipya bila kukitafutia namba ya ushuru. Alizunguka mfuko, akafungua kompyuta yake, akarudi uso umemng'aa. "Fimbo kamili ni 9506.31," alisema, "mipira ni 9506.32." Nilifurahi kusikia kwamba kuna sehemu hapa mpakani ambapo gofu inajulikana. Alipoanza kuuliza kama vililipiwa, nikamwagizia chai.

Tatizo kubwa la gofu Tunduma ni ardhi. Mji umebanwa na barabara kuu, reli ya TAZARA na nchi ya Zambia, na katikati ya hivyo vitatu kila kipande kina nyumba, kina lori, au kinasubiri lori. Viwanja vyenyewe viko mbali: Dar es Salaam, Morogoro, Arusha, Moshi. Hata kule Mufindi, kwenye mashamba ya chai, ni zaidi ya kilomita 300. Rafiki yangu mwenye shamba la mahindi upande wa Mpemba ndiye aliyenihurumia. Alinipa ruhusa ya kucheza baada ya mavuno, kwa sharti kwamba mvua ya kwanza ikidondoka niwe nimeshaondoka. Kwa hiyo wenzetu wana msimu wa mashindano. Mimi nina msimu wa mabua.

Nikachora viwanja vya mashimo matatu. Kipenyo cha shimo la gofu ni milimita 108 duniani kote, na kopo la maziwa ya unga linakaribia sana hapo, hivyo nilifukia makopo matatu na juu ya kila moja nikasimika fito yenye kitambaa chekundu. Kwa mwenye akili za gofu, hizo ni bendera za kumwonyesha mchezaji aelekee wapi. Mpemba nzima ilisoma kitu kingine.

Upanuzi wa barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, umezungumzwa miaka mingi, na watu wa kandokando wana ujuzi wa kutosha: fito zenye vitambaa vyekundu maana yake wapimaji, wapimaji maana yake fidia. Jumamosi ya kwanza nilikuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda kando ya shimo la tatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyie watu wa barabara, safari hii mnalipa kwa mguu au kwa mita za mraba?"

"Mzee, mimi nacheza gofu."

Akatazama kushoto na kulia, akapunguza sauti. "Nimekuelewa. Siri ya kazi."

Jumamosi iliyofuata shimo la tatu lilikuwa limezungukwa na migomba, michanga kabisa, mingine imepandwa majani yakiwa yameshanyauka. Baadaye ukatokea msingi wa matofali ya kuchoma. Baadaye kibanda, na ubavuni mwa kibanda X nyekundu, ambayo mwenyewe alijichorea ili kuwapunguzia wapimaji kazi. Nilipopiga mpira ukadunda kwenye X na kurudi nilikotoka, mwenye kibanda akatoka na kalamu, akaniomba niandike kwamba nyumba imeguswa na mradi.

Shimo la pili lilipatwa na mkosi wa namna nyingine. Mikoa yetu hii imejaa hadithi za mali alizofukia Mjerumani, rupia zikiwemo, na kule upande wa Mkwajuni na Saza dhahabu inachimbwa kweli, hivyo mtu mzima anayefukia kopo shambani na kuweka alama juu yake hawezi kueleweka vizuri. Walikuja usiku. Asubuhi nilikuta shimo limefika kina cha kiuno na upana wa kitanda, kopo langu limewekwa pembeni kwa heshima. Sikulalamika sana. Ndilo shimo pekee maishani mwangu nililolimaliza kwa mkwaju mmoja, ingawa kuutoa mpira kulihitaji ngazi.

Mwenyekiti wa mtaa akaniita. Kikao kilikuwa cha kistaarabu. Alitaka kujua kama shughuli ina kibali, kama ina wafadhili, na hilo swali lenu mnalijua. Mwisho tukakubaliana kwamba kosa ni rangi nyekundu. Tukapitia rangi nyingine moja baada ya moja. Karibu kila moja ikaonekana ina chama chake. Siku hizi bendera zangu ni vipande vya mfuko wa mbolea, na kwa mbali mtu anaweza kusoma "kilo 50".

Yaliyobaki niliyaachia kanuni, ambazo ukweli ni kwamba zimefikiria mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Klabu ya Jinja, Uganda, ni maarufu kwa kanuni yake ya kienyeji: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Nami nikaandika zangu. Mpira ukisimama chini ya lori, unausogeza. Lori likiwa linaunguruma, unausahau. Mpira ukiangukia kwenye ungo wa muuza karanga, unanunua karanga kwanza, ndipo mazungumzo yaanze. Mbuzi au mtu baki akiuchukua mpira uliotulia, kanuni za dunia zinasema urudishe mwingine palepale bila adhabu. Hazisemi ufanye nini mtu baki akiwa na umri wa miaka tisa na anataka shilingi 500.

Na muda wa kutafuta! Tangu mwaka 2019 mchezaji ana dakika 3 tu za kuusaka mpira, zikiisha, umepotea. Watoto wa Mpemba hawaitambui sheria hii. Nikishatangaza kwamba umepotea, wao ndiyo wanaanza. Saa moja asubuhi, mlango unagongwa: "Shikamoo, tumeuona." Wako wanane, na kila mmoja ndiye aliyeuona wa kwanza.

Foleni ya malori ikifika Mpemba, nachezea mbele ya hadhira. Dereva aliyekaa siku ya tatu pale, ameshafua, ameshapika ugali kwenye jiko la mkaa kando ya tairi, ameshampigia simu kila mtu anayemjua, akimwona mtu mnene anachapa mabua anavuta ndoo akakaa. Ushauri unakuja kwa lahaja zote. Mkongomani mmoja wa Lubumbashi alinitazama kwa huruma. "Papa, mupira inakukatala." Nikamuuliza kama kwao gofu inajulikana. Akacheka: kwao Golf ni mtaa. "Ni kule bakubwa banaikala." Tangu siku hiyo alinisalimia kwa adabu zaidi, akiamini nina nyumba huko.

Wazambia ndio wanaoniumiza, kwa sababu wao wanajua. Miji ya Copperbelt ilijengewa viwanja vya gofu pamoja na migodi. Dereva wa Ndola alinieleza kwamba kwenye uwanja wa kwao vichuguu vikubwa vimesimama katikati ya njia na unatakiwa kuvipita hivyohivyo. Akaongeza kwamba Rais Kaunda alikuwa na uwanja wake wa gofu ndani ya Ikulu ya Lusaka, akicheza huku wanyama wanatembea. Kisha akaomba fimbo. Alikuwa amevaa kandambili, hakupasha mwili moto, hakuvuta pumzi. Mpira ukaruka juu ya kibanda chenye X ukapotea upande wa reli. Madereva wakashangilia, akarudisha fimbo kwa mikono miwili, akasema, "Inataka kusafishwa grisi." Nilikuwa na maelezo marefu kuhusu upepo. Sikupata nafasi ya kuyatoa.

Wageni wakija nawapeleka Ndolezi kuona Kimondo cha Mbozi, chuma kikubwa kuliko vyote mkoani Songwe: urefu mita 3 hivi, karibu asilimia 90 chuma, nikeli kidogo. Tani zake zinategemea anayesimulia. Utasikia 12, utasikia 16, jambo linalomfanya mchezaji wa gofu yeyote ajisikie nyumbani, maana nasi mikwaju yetu huhesabiwa hivyohivyo. Wataalamu wa nje walikitambua mwaka 1930, kwa hiyo na mwenyewe aliyekipiga dakika 3 zilimwishia. Mwaka 1971 Mmarekani Alan Shepard alipiga mipira ya gofu mwezini kwa fimbo ya chuma namba 6 akasifiwa dunia nzima. Sidhani alifikiria waliokaa upande wa chini.

Viwanja vya kweli nimewahi kuvigusa, safari niliyokwenda Dar kutafuta spea Gerezani. Mfuko ulisafiri kwenye buti zaidi ya kilomita 900, ukiwa umelipiwa nauli ya mabomba baada ya majadiliano marefu na konda. Nilikofika sitapataja, wenyewe walinipokea vizuri. Nikapewa kedi wa kunibebea mfuko, kijana mpole ambaye kwa macho tu ungejua anacheza kuliko wote waliokuwa pale. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianzia kubeba mifuko. Aliniuliza handikapu, yaani mikwaju anayosamehewa mchezaji dhaifu. Nikamwambia 54, ambayo ndiyo ya juu kabisa inayoruhusiwa tangu mfumo wa dunia uanze mwaka 2020. Baada ya mkwaju wangu wa pili aliuliza kama hakuna namna ya kuomba nyongeza.

"Mzee, hapa tutoe chuma namba 7."

"Namba 7 yangu ni ya kushoto."

Alikaa kimya. Akatazama mfuko, akatazama mikono yangu, akatazama saa. "Basi hapa tumwachie Mungu."

Kilichonishinda kabisa ni majani. Nimezoea ardhi yenye mabua, mpira ukianguka umekamatwa, unaukuta ulipoangukia. Kule kote kumenyolewa. Nikigusa kidogo, mpira unateleza, unapita shimo, unateremka, unakwenda kunywa maji bwawani. Kedi alinishauri nipige taratibu. Nikapiga taratibu mpaka mpira ukakataa kuondoka.

Mama watoto hajawahi kunikataza. Yeye anapiga hesabu tu, na hiyo ni mbaya zaidi. Siku niliyomweleza kwa fahari kwamba mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, alichukua kikokotoo cha dukani. Mipira 22 ndiyo kilo moja. Akazidisha na bei niliyonunulia, akanyamaza, akazidisha tena. "Baba, kilo moja ya mipira ni mbuzi." Akafikiri kidogo. "Dume." Mwaka huo kilo ya mchele wa Kamsamba ilipopanda bei, nilisikia akimweleza shemeji yake kwamba nyumbani kwetu bado kuna kitu ghali zaidi, na kinatupwa porini kwa makusudi.

Kinatupwa, lakini hakipotei chote. Jumamosi iliyopita nilichelewa kidogo kufika shambani nikakuta viwanja vimejaa. Watoto wamechonga fimbo za mpera. Wamejipanga foleni kwenye shimo la pili, lile la Mjerumani, ambalo ndilo linalopendwa, na pale pana kijana wa kushuka kutoa mipira kwa malipo. Chini ya mwembe amekaa binti wa darasa la tano na daftari: zamu moja shilingi 200, kukodi mpira 500, ukiupoteza elfu mbili. Mipira ilikuwa kwenye kopo langu la maziwa, mingi ikiwa na alama ya wino ninayoiweka mwenyewe.

Aliniamkia vizuri. Nikamwambia mipira ile ni yangu. Akaniuliza jina, akafungua daftari, akateremsha kidole ukurasa wa kwanza, hakuniona, akafungua wa mwisho. Huko nilikuwepo. Kichwa cha habari kilisema "Wanaodaiwa", na nilikuwa peke yangu.