Sifa za Tope la Pasaka

Wakikutana madereva wastaafu wa Safari Rally, kila mtu husifia gari lake. Mmoja atakuapia kwamba tangu Peugeot 404 iache kutengenezwa hapajapatikana gari tena duniani. Mwingine akitajiwa Datsun 240Z hukaribia kulia. Washindi walipewa vikombe, mafundi wakanunuliwa bia. Aliyefanya kazi kuliko wote hatajwi ila kwa matusi. Mimi niliyelala ndani yake usiku kucha, soksi moja mguuni na nyingine sijui wapi, naona aibu kufa kabla sijalipa deni hilo. Leo nalisifu tope.

Nianze na nasaba, maana mwenye kusifiwa hutajiwa kwao. Tope la Safari ni mtoto wa masika na udongo wa nchi tatu. Mbio zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikikata Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikawekwa wakati wa Pasaka, mvua ikiwa imeshika kazi barabara. Tangu hapo bendera zimebadilika na Malkia mwenyewe amezikwa, lakini tope bado linatawala njia ya kwenda kwa shangazi yangu, bila kura wala bunge.

Tena halina sura moja. Kwenye milima ya Taita ni jekundu, linateleza kama kipande cha sabuni kilicholowa. Tambarare za Athi zina lile jeusi: likikauka hupasuka nyufa za kumeza fimbo, likinywa maji huvimba na kunata. Hilo jeusi wala halina haja ya kukuzamisha. Hujikusanya taratibu kati ya tairi na madigadi, tabaka juu ya tabaka, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka huku injini inanguruma bila tatizo lolote. Unashuka na tochi mdomoni, unachokonoa gurudumu moja baada ya jingine kwa bisibisi, unapanda, unasogea kidogo, limejaa tena. Gari zima, dereva mzima, tangi lina petroli, na hamwendi popote. Nionyesheni askari wa barabarani anayeweza kumsimamisha mtu kwa upole namna hiyo.

Sifa yake ya kwanza ni uadilifu. Timu za viwanda vya Ulaya zilikuja na mafundi wao, na vipuri vya kujaza ghala. Tope likawapokea sawasawa na lilivyompokea mwenye duka wa Nakuru aliyejiandikisha kwa gari la kupelekea watoto shule. Tangu mbio zianze mpaka 1971 hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyeshinda. Hannu Mikkola wa Ufini ndiye aliyeuvunja mwiko huo mwaka 1972, kwa Ford Escort. Kabla yake ushindi ulibaki nyumbani. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliupata 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akaupata 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Fedha za wageni hazikuwa na kasoro yoyote, ila tope halikuwa na mahali pa kuzipokelea.

Sifa ya pili ni kunoa akili. Inasimuliwa kwamba Erik Carlsson wa Uswidi, Saab yake ilipozama, aliipindua ikabingirika mpaka penye ardhi ngumu, akawasha na kwenda zake; na waandishi wa habari walipokataa kuamini, akaipindua tena mbele ya macho yao. Sisi tusio na ujasiri huo tulichomelea vishikio juu ya buti na vikanyagio kwenye bampa la nyuma. Tairi zikianza kuteleza, mwelekezi alitupa ramani, akachomoka, akarukia nyuma na kurukaruka pale ili uzito wake uzikandamize. Sasa angalia hekima ya tope: tairi zikishashika, dereva hathubutu kusimama, maana akisimama anazama upya. Basi mwelekezi anasafiri huko nje mpaka pakavu, akipokea usoni kila kinachorushwa na magurudumu, huku akitoa maoni yake kuhusu dereva. Ndoa chache zimewahi kupimwa hivyo.

Sifa ya tatu ni ukarimu, kwa kuwa tope liliwatafutia watu riziki bila kuwauliza vyeti. Ukikwama, hata iwe saa tisa ya usiku, vijana walitokea kwenye migomba.

"Pole, bwana."

"Asante. Mtatusukuma?"

"Tutasukuma. Lakini kuna bei ya kuzama mpaka bampa, na bei ya kuzama mpaka mlango."

"Mimi nimezama mpaka wapi?"

Kijana akainama, akamulika kwa tochi yangu mwenyewe, akafikiri.

"Ukiendelea kuuliza, mlango."

Nililipa. Walisukuma huku wakiimba, wakatoka wamepakwa kuanzia utosini, na walicheka kuliko mtu yeyote aliyekuwa na nambari ya mbio mlangoni. Aliyekuwa akinifukuza kwa nyuma alizama palepale, naye akatozwa bei ya mlango. Wenye chuki husema vijana wale walikuwa wakipamwagia maji kila jioni. Mimi sikuona ndoo. Na hata kama ilikuwepo, mkulima gani halimwagilii shamba lake?

Najua pingamizi litakalokuja: kwamba tope ni bahati nasibu, leo limemkamata huyu, kesho yule. Nitalijibu kwa hesabu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vilevile. Nani alishinda 1963? Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Na 1968? Nowicki, Cliff, Peugeot 404. Bahati nasibu gani hiyo, inayomtoa mshindi yuleyule, na mwenzake yuleyule, kwa gari la aina ileile? Tope lilikuwa linachagua. Lilimtaka mtu anayejua lini akanyage mafuta na lini ashuke, avue viatu, aingie kwanza yeye kabla ya gari. Wengi wetu tulikuja na mguu wa kulia tu. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zetu hazikufika hata ukingoni.

Siku hizi mbio zimefupishwa na kuwekwa zaidi kandokando ya Naivasha, kwenye vipande vya barabara vilivyofungwa. Ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 zilifanyika Juni, na vumbi likadhani limerithi kiti. Silidharau vumbi. Lile laini la Kedong, hukohuko Naivasha, humeza magurudumu na kuziba pumzi za injini. Lakini vumbi halina utu: hakuna kijiji kilichowahi kukusanyika kulisukuma gari kutoka vumbini kwa nyimbo, wala mwelekezi aliyewahi kusamehewa na mkewe kwa kurudi na vumbi. Ndiyo maana nilifurahi 2024 waandaaji walipozirudisha mbio wakati wa Pasaka. Wao walisema ni kalenda. Mimi nasema mwenye kiti aliitwa nyumbani.

Limebaki ombi moja kwa wanaotunza kumbukumbu. Wamezoea kuandika kwamba magari kadhaa "hayakumaliza", kana kwamba yalichoka yenyewe au yalisikia usingizi. Walirekebishe hilo, waandike ni nani aliyeyashinda. Shekhar Mehta, ambaye kwa haki kabisa tunamwita mfalme wa mbio hizi, alishinda Safari mara 5 katika maisha yake. Kabla ya kuwapunguza waliovunjika ekseli na waliopotea njia, hesabu ya tope kwa Pasaka moja tu ya mwaka 1963 inaanzia kwenye magari 77.