Tarakimu Ishirini za Elfu Mbili

Nina ugomvi na tokeni ya umeme. Mimi nikinunua ya elfu mbili, napewa tarakimu ishirini. Jirani yangu mwenye viyoyozi hadi jikoni akinunua ya laki mbili, naye anapewa ishirini. Sijui kitu kingine mtaani kwetu kinachogawiwa kwa usawa huo.

Na fundi aliyefunga mita yetu alidhani hapa wanaishi twiga. Napanda stuli gizani, simu ndiyo tochi, na namba imo kwenye simu hiyohiyo. Nikimulika mita, sioni namba. Nikisoma namba, sioni mita. Nikimpa mama watoto anisomee, anasoma “elfu nne mia saba na tisa” kama anataja mahari.

Jumapili akaja mpwa wangu anayesomea hesabu chuoni. “Mjomba, umewahi kuona tokeni inayoanza na nane au tisa?” Nikafukua meseji zote. Sifuri hadi saba zimo, lakini nane na tisa, wapi!

Kumbe namba ile ni biti 66, kila moja ama sifuri ama moja. Chukua mbili 66, zizidishe zote pamoja, utapata 73,786,976,294,838,206,464. Tokeni kubwa kuliko zote ni hiyo ukiipunguza moja. Ya kuanza na nane ingehitaji biti nyingine, na haipo.

Katika lundo hilo, uniti zangu zimetengewa biti 16 tu. Nyingine 24 zinabeba saa ya tokeni, yaani dakika zilizopita, ambazo awali zilihesabiwa tangu Januari mosi, 1993. Zilizobaki ni za ulinzi na vikorombwezo, kisha vyote vinavurugwa kwa siri ili tokeni yangu isiwashe taa za jirani. (Kana kwamba za elfu mbili zingemwashia hata friji.)

Sasa biti 24 haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Zilijaa Novemba 24, 2024. Ndiyo maana, kabla ya siku hiyo, wengi wetu wenye mita za aina hii duniani kote tulilazimika kuingiza tokeni mbili za ziada, halafu ndipo ya umeme wenyewe. Tarakimu sitini, nikiwa juu ya stuli! Saa imeanza upya kuhesabu kutoka 2014, kwa hiyo itajaa tena 2045. Nitakuwa mzee, mita itakuwa palepale.

“Je, nikibahatisha namba mwenyewe?” nikauliza, kwa ajili ya elimu tu.

“Ukijaribu moja kila sekunde, Mjomba, kuzimaliza zote ni zaidi ya miaka trilioni mbili.”

Mama watoto, aliyekuwa kimya akichambua mchele, akanitazama. “Nunua ya elfu kumi, baba, upumzishe stuli.”