Marehemu Bob wa Barabara ya Thika

Ruiru, Kaunti ya Kiambu

Mjomba wangu mheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi na dua njema kwako, kwa mkaza mjomba na jamaa wote wa Unguja, nakuarifu ya kuwa mimi ni mzima wa afya na riziki ninaipata, ingawa hesabu yake imeniingiza katika elimu nisiyoitarajia. Shilingi huku yaitwa bob, na tangu stendi ya Thika hadi hapa Ruiru hulisikia neno hilo kwa kondakta, kwa muuza sukuma wiki na kwa mwanafunzi wa Juja, kila mmoja akilitamka kwa wepesi ambao fedha yenyewe haijapata kuwa nao.

Asili yake ni misimu ya Waingereza, ambao shilingi ya Afrika Mashariki waliianzisha Kenya mwaka 1921, wakati babu zetu wa Unguja wangali wakihesabu kwa rupia, wasiziache hadi 1936. Kisha, tarehe 15 Februari 1971, Waingereza wakaigawa pauni yao peni mia badala ya shilingi ishirini, na bob akafariki kwao. Lakini habari za msiba huo, Mjomba, hazijafika Thika, ambako marehemu hupanda matatu kila alfajiri, naye ndiye alipaye nauli.

Kanuni zake ni chache. Wingi hana, hesabu ya Kiswahili haimkai vizuri, ndipo aghalabu husikika "ten bob" na "fifty bob", na ishirini na mia zina lakabu zao, mbao na soo, ziwezazo kutembea bila yeye. Hupenda vitu vidogo: sukari ya ten bob, mafuta ya kupikia ya fifty bob. Mwenye nyumba wangu hajapata kumtaja, kwani kodi huidai kwa shilingi kamili, kwa sauti ya kadhi asomaye hukumu. Kondakta naye, akipokea, husema bob. Ukimdai chenji, ndipo hukumbuka ghafla ya kuwa shilingi ni mali, na mali haitolewi kwa pupa.

Basi utakapokuja kututembelea, inshallah, ukaambiwa kitu ni "fifty bob tu", usimhofu bob, kwani huyo hana madhara. Shika mkoba wako kwa sababu ya hilo "tu", ambalo ni Kiswahili chetu wenyewe.

Wasalaam,
Mpwa wako